Gunia la Wageni

Siku hizi kahawa yetu inachambuliwa na kioo kisichojua mgeni wala mkwe, lakini zamani ilichambuliwa na wanawake wenye majina, walioketi bega kwa bega wakijua nani amefiwa, nani amejifungua, na shamba la nani limechelewa kuanika.

Gicheru wa Kihara aliwajua wote, kwa kuwa ndiye aliyekuwa msimamizi wao. Kiwanda chenyewe kilikuwa chini ya mji wa Nyeri, kando ya barabara inayoteremka kwenda Mukurweini. Leo ni ghala la saruji, na kijana anayelilinda hajui kwamba sakafu anayotandika gunia lake ilisuguliwa na kahawa mpaka ikang'aa kama kibuyu cha bibi. Miaka ile ya baada ya Uhuru malori yalishuka pale yakiwa yamejaa kahawa kavu ya vyama vya wakulima, kutoka Gakindu na vijiji vya jirani, na mengine yalitoka mbali kama Kianyaga. Mashine ya chini ilikoboa maganda, kisha punje zikapandishwa ukumbini juu, zikamwagwa kwenye meza moja ndefu iliyoelekea madirisha. Hapo ndipo wanawake walipoondoa kila punje ambayo ingekiharibu kikombe cha mtu wasiyemjua, ng'ambo wasikokujua.

Gicheru alianza pale kwa kufagia. Shule aliiacha darasa la nne, Hali ya Hatari ya wakoloni ilipofunga shule yao, na kusoma alijifunzia kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari. Alipanda polepole, kama mtu anayepanda kilima na mzigo, mpaka akapewa koti la kijivu na meza ya kusimamia.

Meza hiyo aliisimamia yote isipokuwa mwisho wake. Mwishoni, karibu na mlango, alikaa Magdaline, mama wa mke wake Waithira. Vijana wa leo humpigia mama mkwe honi barabarani na kumwita kwa jina, ndiyo sababu ni lazima jambo hili lielezwe. Wakati ule mtu hakumkemea mama wa mke wake, wala hakuusogelea mkono wake ukiwa kazini, wala hakumkagua. Na akimkuta amekaa bila kujisitiri, miguu imenyooshwa na kichwa wazi, aligeuka akarudi alikotoka kama mtu aliyesahau kitu, na jambo lile halikutajwa tena na yeyote. Kwa hiyo kikapu cha Magdaline kilikaguliwa na Murugi, mwanamke mrefu aliyekaa kichwani mwa meza na kuanzisha nyimbo. Wanawake walizoea kumtania Gicheru kwamba meza yao ina msimamizi mmoja kasoro kipande.

Basi mwaka mmoja kahawa ilipanda bei kwa sababu baridi kali ilichoma mashamba ya Brazili. Watu wakaezua nyasi wakaezeka mabati, na kiwandani ikaingia habari ya mashine.

Aliyeileta alikuwa Kahiga, meneja mpya, kijana aliyesomea ng'ambo na kurudi bila majivuno mengi, tuseme haki. Alimwita Gicheru ofisini, akamweka chini, akamfungulia vitabu viwili vyenye picha. Mashine zote mbili, alisema, zina jicho la umeme. Punje hudondoka moja moja kwenye mfereji mwembamba, zinapita mbele ya taa, jicho linatazama, na ile lisiyoipenda linaitoa nje kwa pumzi ya hewa. Tofauti iko kwenye jicho. Mashine ya kwanza, ya bei nafuu, inajua mwanga na giza tu. Punje nyeusi inaiona na kuifukuza. Ya pili ina macho mawili, moja nyuma ya kioo chekundu na jingine nyuma ya kioo cha kijani, na inalinganisha yale yanayoonekana na kila moja. Hiyo inajua rangi.

Gicheru hakuhitaji kuelezwa zaidi. Punje mbaya zilikuwa za namna mbili. Nyeusi, hata mtoto angeziona. Lakini kulikuwa na nyingine ambazo wanawake waliziita wanafiki, punje zilizochacha kwa kuachwa majini au kuanikwa vibaya, zenye wekundu kidogo tu unaojificha ndani ya ukijani. Giza lake ni lile lile la punje nzuri. Ukizitazama kwa haraka unaapa ni safi, na wachache wao wanatosha kuchachusha gunia zima. Ile mashine ya jicho moja isingewaona wanafiki hata wakipita wakipiga ngoma.

Alitoka ofisini na vile vitabu viwili kwapani. Jambo lilikuwa wazi mno. Macho mawili yakija, meza itakufa siku hiyo hiyo. Jicho moja likija, litakula nyeusi, na wanafiki watabaki kwa wanawake. Meza itapungua pengine, lakini itakuwapo. Kahiga alikuwa amemwambia kwamba halmashauri ya kiwanda itataka kusikia neno lake kabla ya kuamua, kwa kuwa yeye ndiye anayeijua kazi. Neno lake. Tangu azaliwe hakuna mtu aliyelihitaji neno lake, na siku lilipohitajika lilikuwa na uzito wa jiwe la kusagia.

Majuma yaliyofuata hakula vizuri. Waithira alimpakulia, akakuta chakula kimegeuzwa-geuzwa sahanini. Alipoulizwa alisema ni jino. Mchana alisimama nyuma ya meza, akatazama vidole vile vyepesi vikiruka kama kuku wanaodonoa. Wachuka alikuwa na mume aliyeanguka kutoka juu ya mti na hakuinuka tena. Murugi alikuwa akisomesha wadogo zake. Na Magdaline alikuwa mjane ambaye shamba lake lilikuwa na upana wa mkeka. Mtu akikosa neno moja tu mbele ya wakubwa, hawa wote wataenda wapi? Na akilisema kwa bidii mno, wakubwa hawatauliza anamtetea nani?

Alivisoma vile vitabu viwili kwa kamusi mpaka pembe za karatasi zikalainika. Halmashauri ilipomwita, alisema maneno yake bila kutetemeka sana. Mashine ya jicho moja inatosha, alisema, kwa sababu ni rahisi kuitengeneza, fundi wa hapa hapa ataiweza, na kile isichokiona kitaonwa na meza. Kahiga alitaka ile ya macho mawili, akasema dunia haingoji. Mwenyekiti, Mzee Theuri, mkulima mkubwa mwenye kofia ya manyoya na mkono mzito kutoa, aliwasikiliza wote wawili. Kisha akasema kwamba mbuzi hanunuliwi kwa kusifiwa. Muuzaji alete mashine zote mbili, zipewe gunia moja lenye kahawa ya kawaida, watu waone kwa macho yao.

Gicheru alifurahi. Gunia la kahawa ya kawaida lingekuwa na wanafiki tele. Jicho moja lingewaacha wapite, Theuri angeiona kazi iliyobaki, na angeona pia kwamba wa kuifanya tayari wameketi pale pale. Tena bei ya macho mawili ingemuuma mzee kama kidonda cha mguu. Kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake, na hilo ndilo lililomtia hofu zaidi, maana katika maisha yake kila kilichokaa mahali pake kilikuwa kinangoja kuanguka.

Hofu hiyo ndiyo iliyomfanya azungumze na wanawake alasiri ya mwisho, kabla ya siku ya jaribio. Hakutaka waongozwe na uvumi. Aliwaeleza habari ya jicho moja na macho mawili, akawaambia kwamba la kwanza hula nyeusi tu na haliwezi wanafiki, na ndilo la kuombea lichaguliwe; kwa nini, aliona hapahitaji maneno. Aliwaonyesha gunia la jaribio, lile lenye alama nyekundu lililoegemezwa ukutani. Kisha akakumbuka mara ile muuzaji, mzungu mmoja, alipokuja kupima sakafu. Wachuka alimwuliza kama mashine hiyo pia hubeba mtoto mgongoni, meza nzima ikacheka mpaka yule mzungu akawa mwekundu shingoni. Kwa hiyo Gicheru akaongeza, na sauti yake ilikuwa ya kuomba zaidi kuliko ya kuamuru:

"Jambo moja tu nawaomba, mama zangu. Kesho tuko na wageni. Msiniaibishe mbele ya wageni."

Wakaitikia. Murugi akasema alale vizuri, hakuna mtu hapo aliyezaliwa jana.

Siku ya jaribio alifika mapema, ukungu ukiwa bado umelalia paa. Mlinzi alimwambia wanawake wako juu tayari, na Gicheru akashangaa, maana king'ora kilikuwa hakijalia. Alipanda ngazi. Mlango wa ukumbi uliachwa wazi kidogo, na ndani kulikuwa na sauti za chini chini na ule mchakacho wa punje zinazopepetwa kwenye ungo. Akasukuma mlango kwa vidole.

Aliyemwona alikuwa Magdaline. Alikuwa ameketi sakafuni juu ya gunia tupu, miguu imenyooshwa mbele, sketi imepanda, kitambaa cha kichwa kimewekwa kando na nywele zake nyeupe ziko wazi. Ungo ulikuwa mapajani. Nyuma yake Gicheru aliona ukingo wa gunia jingine lililosimama, lakini upande wenye alama, kama lilikuwa na alama, ulielekea ukutani.

Aligeuka. Hakufikiri, mwili wenyewe uligeuka, kama mkono unavyoruka motoni. Alishuka ngazi akikohoa kwa sauti ili ajulikane kuwa hakuona kitu, akaenda kusimama karibu na mizani kule chini. Pale ndipo mawazo yalipomfikia. Walikuwa wanapepeta nini? Labda mabaki ya jana. Labda wanafagia. Angeweza kumwita Murugi kwa sauti, ateremke, amwulize. Lakini Murugi angelazimika kupita kwa Magdaline, na Magdaline angejua kwamba mkwe alikuwa pale mlangoni na aliona. Akajiambia atamwuliza wakishatulia. Akatembea huku na huku, akaigusa mizani, akairudisha sindano yake mahali ambapo haikuwa imetoka.

King'ora kikalia. Alipopanda tena, wanawake walikuwa wameketi mezani, vitambaa vimefungwa vizuri, nyuso zimeoshwa, na gunia lenye alama nyekundu limeegemea ukuta likiwa limeshonwa mdomo. Kabla hajamkaribia Murugi, gari la mwenyekiti liliingia uani, na la muuzaji nyuma yake.

Jaribio lilikuwa fupi. Mashine zilikuwa zimesimamishwa upande wa pili wa ukumbi, moja ndogo, nyingine kubwa yenye mlango wa kioo. Gunia likafunguliwa, likagawanywa. Muuzaji aliwasha ile ndogo kwanza. Punje zikashuka mferejini zikilia kama mvua ya kwanza kwenye mabati, na kila mara pumzi ikapiga, tik, tik, na punje nyeusi ikaruka kando. Hakuna mwanamke aliyecheka. Gicheru alimtazama Murugi, naye akamjibu kwa jicho lenye utulivu, jicho la mtu aliyepika na kujua chumvi imekolea.

Ilipoisha, Theuri aliagiza kitambaa cheupe. Akachota kwa kiganja kahawa iliyotoka kwenye mashine ya jicho moja, akaitandaza, akainama mpaka manyoya ya kofia yakaigusa. Akachota tena kutoka chini ya ndoo. Halafu akamwita Gicheru atafute mnafiki.

Gicheru alitafuta. Aligeuza punje kwa kidole, akazipeleka dirishani, akazirudisha. Kahawa ilikuwa safi. Haikuwa safi ya mashine, ilikuwa safi kama ya Krismasi, kama ile wanayomtengea padri. Akachota mwenyewe mara nyingine, akitafuta kwa njaa, na mnafiki mmoja hakumpata.

Wakawasha ile kubwa. Nayo ikatoa nyeusi, na baada ya nyeusi haikuwa na la kutoa. Muuzaji alikuna kidevu. Kahiga alifungua kitabu, akakifunga. Theuri akaweka mikono yake yote miwili juu ya kifimbo.

"Kwa hivyo la macho mawili ni la kazi gani?" aliuliza. Akageuka polepole kuelekea meza ndefu, akaitazama kutoka kichwani mpaka mlangoni. "Na hawa mama zetu, jicho moja likishamaliza, watachambua nini?"

Wanawake walitabasamu kwa heshima, maana walidhani wanasifiwa.

Gicheru hakumbuki jinsi wageni walivyoondoka. Anakumbuka kwamba alirudi ukumbini akamkuta Murugi amesimama, uso umenawiri, akingoja kushukuriwa. Alimwuliza walifanya nini na lile gunia, na Murugi akavuta debe kutoka chini ya meza. Lilikuwa limejaa wanafiki mpaka shingoni.

"Baba Watiri, si ulisema tusikuaibishe?" alisema Murugi, akimwita kwa jina la binti yake kama wote walivyomwita. "Mgeni akikuja, unamwekea kitu anaweza kula. Ulituambia huyu anakula nyeusi, tukamwachia nyeusi zote. Hawa wengine ulisema hawawezi. Sasa umwekee mgeni mfupa na hana meno, na watu wanamwangalia? Hiyo si ni aibu yake na yako?"

"Na tena tulitaka wewe ushinde," Wachuka alidakia. "Ungeona vile la macho mawili lilikaa bure. Kama dume la mbuzi harusini."

Wakacheka. Gicheru alikaa juu ya debe jingine lililopinduliwa. Alitaka kupaza sauti, lakini Magdaline alikuwa pale mlangoni, na mtu hapazi sauti mbele ya mama wa mke wake. Kwa hiyo aliwaeleza polepole, akiangalia sakafu, kile ambacho Mzee Theuri alikiona juu ya kitambaa cheupe. Kicheko kikazimika, kikianzia kichwani mwa meza na kuteremka. Mwisho kabisa, Magdaline akamnong'oneza aliye jirani yake, neno likapita mdomo kwa mdomo mpaka kwa Murugi, na Murugi akalifikisha:

"Anasema mkwe wake anywe uji kwanza. Amekonda."

Gicheru alichukua lile debe la wanafiki akaenda nalo kwa Kahiga. Alimweleza yote. Kahiga alisikiliza mpaka mwisho, akazamisha mkono ndani ya debe, akauondoa.

"Debe la kahawa mbaya liko kila pembe ya kiwanda hiki," alisema. "Hili halinionyeshi kitu. Na wewe unataka nimwambie mwenyekiti ati watu waliamka alfajiri wakafanya kazi bila malipo, bila kutumwa, ili mashine isione haya? Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa mlangoni."

"Ukaona?"

"Niliona, nikageuka."

"Kwa nini?"

Gicheru alisema ni nani aliyekuwa ameketi pale, na alikuwa ameketi vipi. Alitazamia kijana yule wa ng'ambo acheke, naye hakucheka. Aliangalia nje dirishani, akasema kwamba muuzaji amekwisha kuondoka na mashine yake kubwa, na kwamba hatarudi kupanda mlima huu kwa hadithi ya ungo na mkwe. Kama kuna mtu wa kuibadilisha ni mwenyekiti mwenyewe.

Jumapili, baada ya ibada, Gicheru alikwenda Gakindu nyumbani kwa Mzee Theuri. Nyumba ilikuwa mpya, ya mawe. Alipewa kiti na chai ya maziwa mengi, na hakuulizwa alilolijia mpaka kikombe kilipokwisha, maana Theuri alikuwa bado na adabu hizo; siku hizi unaulizwa shida yako ukiwa bado langoni, mbwa akibweka. Njiani alikuwa ameyapanga maneno kama kuni, lakini pale yalianguka ovyo. Hata hivyo aliyasema yote, mgeni, meno, wanafiki, ungo. Mzee aliitikia kwa kichwa kwa makini, na kwa muda mfupi Gicheru akahisi kifua kikifunguka. Huyu ni mtu wa rika la baba yake. Huyu anajua mgeni ni nini.

"Yule mama wa karibu na mlango," alisema Theuri mwishowe, "si ndiye mama wa mke wako?"

"Ndiye."

"Basi, mwanangu. Mimi ningekuwa wewe ningesema maneno hayo hayo. Tena ningeyasema vizuri kuliko wewe."

Gicheru aliapa kwamba ni kweli. Mzee akasema, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali, kwamba hata ikiwa kweli, basi wanawake wamechezea jaribio la kiwanda. Jambo hilo likiandikwa litawaondoa kwa aibu, wakati sasa wanaweza kuondoka kwa heshima na shukrani za halmashauri. Achague. Gicheru akashika kofia yake. Chaguo lililoanza likiwa kati ya jicho moja na macho mawili lilikuwa limefika hapo, na pande zote mbili zilikuwa na mlango ule ule.

Wanawake waliondoka mwisho wa msimu. Waliiosha meza kwa maji na majivu, wakaikausha, kana kwamba itatumiwa kesho. Ikapasuliwa kuwa rafu.

Mashine ya jicho moja ikaanza kazi, na Gicheru akapewa aisimamie. Alisimama mbele yake kutwa akisikia ile tik, tik, na kila kimya kati ya tik na tik alijua mnafiki amepita. Alisema. Aliambiwa anachukia mashine. Kahawa ya msimu wa kwanza ilishushwa daraja kule mnadani, wanunuzi wakisema ina uchachu, na halmashauri ikaleta fundi. Fundi akaikaza mashine mpaka ikatupa nzuri pamoja na mbaya, na uchachu ukabaki. Msimu wa pili ukawa vivyo hivyo. Wakulima wakaanza kunung'unika, wengine wakapeleka kahawa yao kwingine. Wakati huo Kahiga alikuwa amehamia Nairobi. Hatimaye Theuri, kama mtu anayeng'olewa jino, akanunua ile ya macho mawili. Katika mkutano ule mrefu hakuna aliyeuliza kama wale waliokuwa wakiwaona wanafiki bado wana macho.

Gicheru aliuliza, kwa sauti ndogo, mlangoni, wakati wakubwa wanavaa makoti. Walidhani anaaga.

Baada ya hapo alitafuta njia ya kuwaambia wale wanawake kwamba mashine ya pili imekuja, kwamba sasa imejulikana wazi kuwa kahawa ya siku ile haikusafishwa na jicho moja. Ilikuwa habari ya kipumbavu, haikuwa na chakula ndani yake, lakini alitaka waisikie kutoka kwake. Kumwagiza Waithira amwambie mama yake hakuona vyema; neno kama hilo mtu hulibeba mwenyewe. Akalibeba kwa miezi, likamla.

Siku ya soko alishuka Gakindu kununua mbegu za maharagwe, na pale akawaona. Walikuwa barazani mwa duka moja, chini ya ukingo wa mabati, wakiwachambulia wachuuzi maharagwe na njahi, kunde zetu nyeusi, kwenye nyungo. Walikuwa wameketi kwa mstari ule ule. Murugi alikuwa mwanzoni, akizungumza bila kuinua macho. Wachuka hakuwapo, na mahali pake paliachwa wazi, pana kama mtu mmoja, ingawa baraza lilikuwa limebana. Vidole viliruka vile vile.

Gicheru alivuka barabara, neno likiwa mdomoni. Alikuwa amekaribia kiasi cha kusikia mchakacho wa ungo alipoona mwisho wa mstari. Jua lilikuwa kali, na Magdaline alikuwa amenyoosha miguu na kuvua kitambaa, nywele zake zimekuwa chache. Aliinua uso akamwona mkwe wake. Mkono wake ukapapasa kando, ukitafuta kitambaa, haukukipata. Mstari mzima ukainamisha vichwa juu ya nyungo, kumpa nafasi.

Gicheru akasimama, akapapasa mifuko kama mtu aliyesahau kitu, akageuka, akarudi alikotoka.